Bertilla, Aliyeogopa Watoto Wakilala

Aliyemweleza marehemu Bertilla kwa mara ya kwanza kwamba kuna cheti cha kulea watoto wachanga, na kwamba asiye nacho hataruhusiwa tena kukaa nao, alikuwa Rose, mkuu wa kituo cha kulelea watoto mchana pale Chanji, mwenyeji wa Mbeya, ambaye tuko naye hapa msibani. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 4 Septemba 2023, marehemu akikoroga uji wa watoto, Rose akasimama mlangoni akamwambia, "Mama Angela, chuo kinapokea hata waliomaliza darasa la saba, jina lako nimeshaliandikisha, usije ukaniangusha." Marehemu aliendelea kukoroga mpaka uji ukaanza kushika chini, kwa sababu kitu alichokiogopa kuliko vyote duniani kilikuwa mle katika chumba cha pili, nacho ni mtoto mchanga aliyelala.

Marehemu alizaliwa Mpui tarehe 17 Machi 1976, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Adriano na mama Kristiana, wakulima wa mahindi na maharage, akabatizwa mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1984 hadi 1990 alipohitimu darasa la saba, kisha akabaki nyumbani kuwasaidia wazazi shambani.

Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa takatifu na Modesti, fundi seremala, na Mungu akawajalia watoto watatu. Wa kwanza, Vicent, alizaliwa tarehe 2 Mei 1998. Mchana wa tarehe 20 Septemba mwaka huo, marehemu alimnyonyesha, akamlaza, na kwa kuwa mtoto alilala vizuri, akamshukuru Mungu, akatoka uani kupukuchua mahindi pamoja na mawifi zake, wakacheka na kuzungumza, na aliporudi ndani alimkuta Vicent amekwisha kupoa. Hakuwa na homa wala kikohozi, na hakuna aliyemlaumu marehemu, lakini mama katika jambo kama hilo hahitaji mtu wa kumlaumu.

Alipozaliwa Angela mwaka 2000, na Jafeti mwaka 2003, hakuna kati yao aliyelala akashiba usingizi, maana kila walipotulia marehemu aliwatikisa mpaka walie, ndipo naye apumue. Mama mkwe wake alikuwa akimwambia, "Mwali, kwa mtindo huu watoto hawa watakuja kulala uzeeni."

Mwaka 2011 familia ilihamia Chanji, Modesti akafungua karakana Majengo, na mwaka 2016 marehemu akaajiriwa kituoni kama mpishi, baadaye akawekwa na watoto wanaotembea, ambao walimpenda sana. Chumba cha wachanga aliingia wakiwa macho tu.

Mafunzo aliyaanza Januari 2024. Alijifunza kumlisha mtoto, kumsafisha, kuzitambua dalili za hatari, na kumlaza chali kwenye godoro gumu bila mto wala blanketi zito, hata kwenye baridi yetu ya Juni, na masomo ya darasani aliyafaulu yote. Yalipofika mafunzo ya vitendo, ilimlazimu akae na wachanga kutwa nzima, na woga wake ukaonekana na kila mtu. Mama mmoja mwenye duka Majengo aliuliza mbele ya wenzake, "Kwani mwanangu hapa mnamtuma kubeba zege? Akirudi jioni amechoka kuliko mimi." Watu walicheka, marehemu naye akacheka, kisha akaenda nyuma ya jiko akalia.

Tarehe 14 Novemba 2024 mkufunzi, Mwalimu Modesta, alikuja kumpima, akakaa kwenye kiti asubuhi nzima, akaona mtoto mmoja baada ya mwingine akiamshwa. Hakumpitisha. Alimwambia, "Mama, kazi unaijua. Ila mtoto hatikiswi ili wewe utulie. Mtazame kifua, mtazame rangi ya midomo, halafu umwache." Akampa nafasi moja tu ya kurudia, mwezi Mei, na akishindwa hapo, arudi jikoni moja kwa moja.

Mwezi Februari 2025 miguu ya marehemu ilianza kuvimba, akawa anahema akipanda hata ngazi mbili, na madaktari wakagundua kwamba moyo wake umetanuka. Sasa hofu zikawa mbili, maana aliogopa pia kuanguka akiwa na mtoto wa mtu mikononi, kwa hiyo yeye mwenyewe alimweleza Rose, wakakubaliana asibebe mtoto ila akiwa ameketi. Tulimsihi aache mafunzo. Alijibu, "Nikiacha, nitakufa nikiwa bado namwogopa Vicent."

Wakati huo Angela alikuwa na mtoto, Gabriel, aliyekuwa ametimiza umri uleule aliofariki nao Vicent. Jumamosi moja mchana Angela alimlaza mbele ya bibi yake, akasema, "Mama, usimguse." Marehemu akajibu, "Simgusi. Ila na wewe usitoke." Alikalia mikono yake mwenyewe, jasho likimtiririka, macho kwenye kifua cha mtoto, na pumzi ya mtoto iliposita kidogo, kama zinavyosita za wachanga, Angela ndiye aliyenyanyuka, marehemu akamshika nguo akamrudisha chini. Walikaa hivyo mpaka Gabriel akaamka mwenyewe, akapiga chafya.

Tarehe 15 Mei 2025 alipimwa tena, akapita, na Alhamisi tarehe 26 Juni 2025 akakabidhiwa cheti chake.

Hali yake ilibadilika mwanzoni mwa Agosti, akalazwa tarehe 8, na Jumanne tarehe 19 Agosti 2025, saa nane mchana, Mungu akamchukua, akiwa na miaka arobaini na tisa. Ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Chanji walioacha shughuli zao, mafundi wenzake Modesti waliotengeneza jeneza, Mwalimu Modesta, Rose na walezi wote, na akina mama waliomkabidhi watoto wao hata walipokuwa na sababu ya kusita.

Familia imeomba historia hii isiishie hospitali. Basi, kesho yake baada ya kupewa cheti, Ijumaa asubuhi, marehemu aliwahi kazini, akawapokea wachanga akiwa ameketi, akawalaza chali mmoja mmoja, akawatazama mpaka wote wakasinzia. Kisha akamwambia mlezi mwenzake, "Elizabeth, kaa nao, mimi natoka." Elizabeth hakuamini, akamuuliza, "Unaumwa, mama?" Akajibu, "Siumwi. Nakwenda kuanika nepi." Akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake, akazianika nepi kwenye upepo, moja baada ya nyingine, wala hakurudi ndani mpaka beseni lilipokuwa tupu.

Mama Angela, amani ya Bwana iwe nawe, pumzika.