Maji Yale Hayakuwa Lavema ya Mama Mkubwa

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu! Msinijibu kwa usingizi. Liinuliwe!

Nimepewa nafasi ya kushukuru, nami nitashukuru. Lakini nimekuja na hasira pia. Mchungaji anajua, nilimwambia mapema, naye akasema, "Docteur, sema tu." Basi nasema.

Mnanifahamu. Mimi ni binti wa mvuvi wa hapa kwenye maporomoko. Baba yangu alitega samaki kwa vikapu katikati ya maji yanayonguruma, na alipofariki hakuna tonton, mjomba wala baba mdogo, hata mmoja aliyesema, "Huyu mtoto asome." Nilikaanga mikate mbele ya shule kabla ya kengele, kisha nikaingia darasani nikinuka mafuta. Nikasoma. Nikawa daktari. Nikavuka bahari hadi Ulaya, huko mnakokuita Poto, nikasoma tena magonjwa ya tumbo na utumbo wa watoto, na nikaipata diploma ambayo wengi waliozaliwa huko huko waliikosa. Sisemi kwa aibu: darasa lile niliwaongoza. Na nikarudi! Wengi wakivuka hawarudi. Mimi niko hapa mtaani, Simi-Simi, na taa inazimika kwangu kama inavyozimika kwenu.

Mlinipokea vipi? Mlicheka. Sokoni mliniita "Docteur wa mavi". Mama mmoja wa kwaya aliniuliza mbele ya watu, "Donc, ulienda Poto miaka yote ile juu ya kuangalia mavi ya batoto?" Ndiyo, mama. Na mavi ya mtoto wako yananieleza ukweli mwingi kuliko wewe.

Sasa, lavema, huku kumtia mtoto maji ya dawa kwa nyuma. Kila nyumba hapa ina ule mpira mdogo wa mviringo wenye mdomo mrefu. Mtoto akilia, mpira. Akiharisha, mpira. Asipopata choo, mpira. Akikataa kulala, mpira! Ndani yake mnatia majani, tangawizi, pilipili, na vitu vingine ambavyo hamthubutu kunitajia. Mtoto anayeharisha amekwisha kukauka, nanyi mnamkamua tena. Mtoto anayezuia choo anakizuia kwa sababu kinamwuma, na kwa sababu anauogopa huo mpira. Nanyi mnamkimbiza nao uani, kesho anazuia zaidi, halafu mnasema amelogwa. Amelogwa na nani? Na ninyi!

Niliyasema haya hapa hapa kanisani, kwenye mkutano wa akina mama. Kabla sijamaliza, mama mkubwa wangu Sabina aliinuka akatoka.

Mnamjua. Ni dada ya marehemu mama yangu, na ndiye anayewapigia lavema watoto wa mtaa mzima. Hata kutoka Isangi wanamletea watoto kwa mtumbwi. Ameketi pale, na kitambaa cha bluu kichwani. Mama mkubwa, usiniinamishie kichwa, nitakuheshimu. Wewe ndiye uliyekuwa ukinipa unga wa ile mikate. Lakini leo utanisikiliza.

Tangu mkutano ule waliacha kuniambia habari za nyumbani. Binti yake, mdogo wangu Rachel, yule mshona nguo, ana mtoto wa kiume, Exaucé, aliyekuwa hajaanza hata kutambaa. Mnono, mcheshi, hajawahi kuumwa. Siku moja mchana nikapita kuwasalimu bila kuwaarifu. Nikiwa bado nje ya ua nikasikia mtoto analia. Ndugu zangu, kilio kile nakijua! Kinaanza ghafla, kama mtu aliyechomwa na kitu. Kisha kimya, mtoto amelegea. Kisha kinaanza tena. Nilikisomea, nikakisikia wodini mara nyingi, na sasa kilikuwa kinatoka nyumbani kwa mama yangu mkubwa.

Nikaingia. Exaucé alikuwa amekunja miguu tumboni, uso umempauka, ametapika hadi kijani. Rachel akaangalia chini. Mama mkubwa hakuangalia chini. Aliniletea kitambaa cha mtoto akakifunua kwa fahari, mpira ungali mkono wa pili.

"Angalia, Docteur! Tangu jana niko namusafisha. Uchafu iko inatoka!"

Ndani ya kitambaa kulikuwa na damu na kamasi, nyekundu, nzito. Ile ilikuwa alama. Ndiyo alama ambayo kila daktari wa watoto anafundishwa kuikimbilia. Na wao walikuwa wameifurahia tangu jana! Kila lavema ilipoleta damu, walisema dawa inafanya kazi, wakapiga nyingine!

Nilipiga kelele. Sikumbuki yote niliyosema, na mengine ninayoyakumbuka hayafai hapa mbele. Nilimpapasa mtoto tumbo, nikaukuta uvimbe mrefu upande wa kulia, nikamwita mwenye pikipiki. Rachel na mtoto nyuma yangu, mama mkubwa kwenye pikipiki nyingine.

Hospitalini tulimwekea maji mshipani, tukaangalia tumbo kwa ekografi, ile mashine inayoonyesha picha ya ndani. Ilikuwa kama nilivyojua: utumbo ulikuwa umeingia ndani ya utumbo, umebanwa humo, na damu ilikuwa haipiti vizuri. Ukiachwa, sehemu ile inakufa, na mtoto naye. Dawa ya kwanza, kama utumbo haujatoboka, ni kupitisha maji safi ya chumvi, ya vuguvugu, kwa mrija kutoka nyuma, taratibu, kwa kipimo, ukiangalia kwenye ekografi, mpaka maji yausukume utumbo urudi mahali pake. Daktari wa upasuaji anasimama kando, tayari kupasua ikishindikana.

Nikawaeleza. Mama mkubwa akautazama mrija. Akanitazama mimi. Halafu akacheka, ndugu zangu! Akacheka na mtoto anakufa!

"Alors! Lavema! Weye uliyetutukana mbele ya kanisa, unapiga lavema! Rachel, beba mutoto, turudi. Kama ni lavema, mimi iko na yangu nyumbani."

Na Rachel akambeba mtoto.

Aliniambia, "Yaya, dada yangu, ulisema inaua. Sasa unataka kumupigia. Nimwamini nani?"

Alikuwa amefika mlangoni. Diploma yangu ilikuwa ukutani, haikumsaidia. Nisingeweza kumshika kwa nguvu, yeye ndiye mama wa mtoto. Nilikuwa na hasira. Nikaomba kimoyomoyo, ombi fupi kuliko yote niliyowahi kuomba: Bwana, nipe neno, si tusi.

Bwana akanipa. Nikavua koti langu jeupe. Nikamwambia, "Rachel, wewe ni fundi. Angalia." Nikaushika mkono wa koti, nikausukumia ndani yake wenyewe hadi nusu, nikaukaza kwa vidole. "Hili ndilo tumbo la mwanao. Sasa tia pilipili hapa. Unawaka, unavimba, unabana zaidi. Ile ya nyumbani mlipiga bila kuona, mkitafuta uchafu. Hapa hakuna uchafu. Mimi natia maji matupu, na jicho langu liko ndani, naona mkono unavyotoka. Nikiona hautoki, naacha, na daktari huyu anapasua."

Aliushika mkono wa koti. Akauvuta polepole mpaka ukatoka. Mama yake alikuwa akiita, "Rachel! Rachel, twende!" Hakugeuka. Akanipa mtoto.

Maji ya kwanza hayakusukuma kitu. Nikaona ule mviringo ndani ya mviringo, umekaa palepale. Tukapumzisha, tukajaribu tena. Ukasogea, ukakwama. Daktari wa upasuaji akavaa glavu. Nikasema, "Bwana Yesu, hii mikono uliisomesha wewe, usiiaibishe leo." Na ndugu zangu, ukateleza! Mviringo ukapotea, maji yakapita mbele yakikimbia kama mto uliofunguliwa! Exaucé akajamba, samahani, akajamba kwa sauti chumba kizima kikasikia, kisha akalala usingizi wa kweli. Daktari akavua glavu zake. Rachel akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Mtoto huyo hapo, mgongoni mwa mama yake, anakula mkono wa blauzi. Mungu ni mwema!

Ushuhuda ungeishia hapo, na ningekuwa nimeketi. Lakini mama mkubwa alitoka hospitalini akaenda kusema nini? Sokoni, kwenye kwaya, hadi kwa wasafiri wa mashua: "Docteur amerudia lavema ya bakoko, ya babu zetu. Poto nzima, lavema!" Nanyi mkafurahi. Wiki hii wameniletea mtoto mwingine, ugonjwa ni ule ule. Mama yake aliniambia, "Tulipiga kwanza nyumbani, tulisikia hata weye unapiga." Alifika amechelewa, maji yangu hayakufaa tena. Alipasuliwa, kipande cha utumbo kikakatwa. Yuko wodini, anaishi kwa neema. Msiulize ni wa nani. Mwombeeni.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Mungu amefanya muujiza mbele ya macho yetu, na sisi tumeugeuza kuwa tangazo la kitu kilekile kilichokuwa kinamwua mtoto!

Ndugu zangu, mwaminini Mungu. Mimi nilimwona akifanya kazi. Lakini imani haikai nyumbani ikisubiri. Mtoto akilia kwa vipindi na kukunja miguu, akitapika kijani, choo chake kikiwa na damu, usimtie chochote nyuma, usimnyweshe majani. Panda pikipiki, njoo. Omba ukiwa njiani, Mungu anasikia hata kwenye kelele za injini. Na ukinikuta nina hasira, vumilia, nitamtibu nikiwa na hasira hiyo hiyo.

Mama mkubwa, akina mama hawa hawanisikii mimi. Mimi ni Docteur wa mavi. Wanakusikia wewe. Ukisema neno moja tu, mipira ile itatupwa leo mchana, kutoka hapa mpaka Isangi. Sitaki uniombe radhi. Nataka useme.

Mimi naketi. Sifa ni za Bwana. Kipaza sauti nakiacha hapa mezani, sijakizima. Tunakungoja.