Kabiden wa Deluun na Tai Wake Karakoz, 1957–2025

Ndugu na majirani mliopita kwenye theluji kuja kumsitiri mzee wetu: marehemu Kabiden mwana wa Ermek alizaliwa tarehe 3 Novemba 1957 katika kambi ya majira ya baridi ya baba yake, Deluun, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Mama yake alikuwa akisema kwamba siku ile tai wa kuwindia wa nyumbani alilishwa kabla mzazi hajapewa chai, na hakuna aliyeona ajabu. Ukoo wenyewe ndivyo ulivyo.

Alisoma shule ya bweni ya wilaya hadi darasa la nane, mwaka 1973. Hesabu zilimpiga chenga. Mambo ya tai alifundishwa na baba yake, na hayo hayakumtoka: kope la tatu linalofagia jicho bila kulizuia kuona, mifupa iliyo wazi ndani, na unyoya ulioota wakati wa njaa, ambao hubaki na mstari mwembamba na siku moja hukatikia kwenye mstari huo. Alijua pia kwamba tai akikunja mguu, kucha hujifunga zenyewe, na kano zikishajifunga ndani ya ala zake, hakuna mwanamume wa kuzifumbua mpaka ndege mwenyewe atake.

Kuanzia 1976 aliendesha lori la ushirika wa wafugaji. Ushirika ulipovunjika mwaka 1991 akarudi kwa mbuzi wake. Kila majira ya baridi aliwinda mbweha, na maishani alilea tai wanne. Watatu aliwaachia kama ilivyo desturi yetu, kabla hawajapita miaka kumi, masika theluji inapoyeyuka, akiwachinjia kondoo mnono mlimani ili waende wakazae. Kila mara alirudi macho yamemvimba, akasema ni upepo.

Mwaka 1980 alimwoa Kulpash. Kwenye karamu mjomba wa bibi harusi alimuuliza kwa nini wawindaji hushika majike tu.

“Jike ni zito kuliko dume karibu theluthi nzima,” akajibu, “na ndilo lenye moyo mkali.”

“Basi usije ukasema hukuonywa,” akadakia Kulpash, na hema zima likaangua kicheko.

Walijaliwa watoto wawili, Yerbol na Ainash. Karakoz, tai wa nne, alitolewa kiotani na Yerbol mwaka 2011, akateremka naye jabalini kamfunga kifuani. Miaka miwili baadaye barafu ya mto ilipasuka chini ya gari la Yerbol. Marehemu hakumlilia mwanawe mbele ya watu. Alikaa na yule ndege.

Muda wa kumwachia Karakoz ulifika, ukapita. Kila mwaka tulimkumbusha, na kila mwaka alijibu, “Masika yajayo.” Tuliona aibu kumlazimisha. Ilikuwa kosa, na tulilijua.

Tarehe 26 Januari mwaka huu Karakoz alikamata mbweha. Mzee alikuwa amevua glavu ya kumbebea tai ili amfunge mbweha yule. Ndege akaacha windo, akaushika mkono mtupu. Mdogo wa marehemu, Tolegen, aliyekuwa naye, akachomoa kisu.

“Kaka, nimkate mguu!”

“Ukimkata, nami nakukata wewe! Mvishe kofia macho yasione, halafu nyamaza.”

“Anakumaliza, we mzee!”

“Nimesema nyamaza!”

Walikaa kwenye theluji mpaka ndege akatulia gizani mwa kofia na kufungua kucha. Yalibaki matundu manne madogo. Kulpash alimsihi waende hospitali siku hiyohiyo.

“Kesho,” akasema. “Leo huyu hajala.”

Kesho hiyo ilikuwa kama masika yake. Alipokubali kupelekwa, mkono ulikuwa mweusi hadi begani. Madaktari waliukata, lakini sumu ya kidonda ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Alifariki Alhamisi, tarehe 13 Februari. Alimwambia mkewe, “Mwachie. Nimemchelewesha.”

Jana Tolegen alikwenda kumvunja ndege shingo. Kulpash akamzibia njia mlangoni.

“Shemeji, huyu hakumchukia mtu. Alikunja mguu tu. Nipishe.”

Akazikata kamba za miguuni kwa mkono wake. Tulichinja kondoo mlimani. Karakoz alikula mpaka koo likatuna, akaruka, akapotea nyuma ya kilele, nasi tukashusha pumzi.

Marehemu ameacha mjane, Kulpash, binti, Ainash, wajukuu watatu, mdogo wake, Tolegen, na Karakoz, ambaye leo alfajiri, tulipokuwa tukiutoa mwili, tulimkuta ameketi kwenye kigingi chake mlangoni, hana kamba, akiusubiri mkono wa mzee.

Mwenyezi Mungu amlaze Kabiden mahali pema, na yule ndege amwonyeshe njia.