Sista Madirisha wa Wodi ya Kifua

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Sista Madirisha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa mwashi na mshona nguo.

Alisoma shule ya misheni, akalala bweni, akaimba sauti ya pili katika kwaya. Huko mwenzake alipobanwa na pumu, wasichana walimfunika blanketi hadi kichwani kwa huruma. Marehemu alilifunua. Alikemewa, akalifunua tena.

Alihitimu uuguzi mwaka 1979, akapangiwa wodi ya kifua, jengo la mwisho nyuma ya chumba cha kufulia, ambako wengine waliomba uhamisho kabla hata ya kuvua koti. Yeye alibaki huko hadi alipostaafu mwaka 2017. Madirisha yalikaa wazi, iwe jua, iwe baridi, na aliyelalamika aliongezewa blanketi. Aliwafundisha wanafunzi watazame kifua cha mtoto kabla ya kumgusa: mbavu zikibonyea ndani kila avutapo pumzi, mtoto huyo haombi dawa ya kikohozi, anaomba oksijeni, na upesi.

Mumewe, fundi seremala, alifika wodini mwaka 1983, vumbi la mbao limemziba pumzi.

"Sista, niache nilale kidogo."

"Ukilala hapa utalala moja kwa moja. Kaa! Egemea meza. Haya, toa pumzi polepole, kama unapoza chai."

"Chai yenyewe iko wapi?"

"Pumua kwanza, mengine baadaye."

Walifunga ndoa mwaka uliofuata. Shemeji yetu hadi leo husema alipewa amri kwanza, mapenzi yakafuata.

Mwaka 2021 marehemu alipatikana na kifua kikuu. Hapa wasifu wa kawaida ungesema "aliugua kwa muda" na kupita haraka. Yeye alikataza. Kaka yake mkubwa, kwa aibu iliyochanganyika na upendo, alikuwa amefunga madirisha ya nyumba ili majirani wasisikie kikohozi. Marehemu aliinuka kitandani akiwa anahema, akayafungua yote, moja baada ya jingine, kisha akavaa barakoa na kuketi barazani mbele ya macho ya watu.

"Watu watasema nini, mdogo wangu?" kaka yake alimsihi.

"Waseme! Maisha yangu yote nimewaambia wagonjwa, 'Una kifua kikuu, na dawa ipo.' Leo kimenijia mimi, jina limegeuka kuwa tusi? Siku yangu ikifika, litajwe jina lake mbele ya watu. Mkinificha, mtawaficha na wengine, nao watakufa bure."

Alimeza dawa zote hadi dozi ya mwisho, akapimwa, akatangazwa amepona. Lakini alikuwa amechelewa kupimwa, na makovu yalikuwa yamekwisha kuyala mapafu yake. Alitumia mtungi wa oksijeni miaka miwili, akiendelea kuwagombeza wageni waliomsemesha kwa kunong'ona. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, ameketi kitini, mumewe akimshika bega.

Ameacha mume, binti ambaye ni mwalimu, mwana ambaye ni dereva, wajukuu watano, kaka yake mkubwa, na watu wasiohesabika wanaopumua kwa sababu yake.

Juma hili kaka yake aliomba mara ya mwisho ugonjwa usitajwe katika karatasi hii. Tumeutaja. Wauguzi aliowafundisha wamesimama langoni na vikopo vya kupimia makohozi, ndivyo alivyoagiza. Mwenye kikohozi kisichokoma asione haya kuwafuata. Kaka yake alikuwa wa kwanza kuchukua kikopo asubuhi hii, na alikichukua hadharani.

Mungu ampumzishe kwa amani dada yetu, nasi tusimfiche.