Kofia Iliyoonekana Ndani ya Sidii

Ukitaka kugombana bila ya kuumizana, njoo barazani kwetu Mkunazini baada ya sala ya alasiri. Baraza ni ya saruji, pembe moja imemeguka, na inatazamana na duka la sidii la Darwesh, ambaye ameiweka televisheni mlangoni ili wapita njia wavutike. Kahawa ni ya Simai Dele. Jina la dele kalipata kwa vile haliachi birika lake la kahawa hata akienda kutawadha. Pembe iliyo nzima hukaa Mundhir. Sisi tunamwita Intavali, yaani yale mapumziko ya katikati ya filamu, kwani miaka ishirini na mbili alichana tiketi na kuwamulika watu tochi katika jumba la sinema la hapo nyuma, mpaka lilipofungwa mwaka wa tisini na tisa. Na mimi Bakar, ambaye Alkhamisi moja ya mwaka elfu mbili na tatu niliitwa Bwana Harusi tu, maana kesho yake nilikuwa namuoa Mwanakhamis. Siku hiyo nilifika na sidii mkononi, nimekasirika.

— Darwesh, chukua uchafu wako, unipe elfu mbili na mia tano yangu.

— Filamu ya mwaka huu, imeshuka kutoka Dubai wiki iliyopita, we waiita uchafu?

— Nimemnunulia Mwanakhamis, kairejesha jana ile ile. Kanambia, "Kaitoe hii, sitaki ilale humu ndani." Hakunambia kwa nini, lakini nshajua. Picha imejaa vichwa! Mtu kaingia sinema na kamera, kakaa nyuma, kapiga visogo vya watu.

Intavali alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu.

— Tiketi ya mwisho niliyoichana mie ilikuwa shilingi mia tatu. Mia tatu, yakhe! Kioo kikubwa kuliko nyumba yako, na kisogo cha mtu nikikiona nakimulika tochi kinainama. Leo mwatoa elfu mbili na nusu mkaangalie visogo.

— Mia tatu kwa mtu mmoja, akasema Darwesh. Una mke, watoto sita na mama mkwe, hebu piga hesabu. Tena ikisha ndo imekwisha. Hii waiweka leo, waiweka kesho, waiweka mpaka mama mkwe ajue kupigana karate.

— Na umeme analipa nani? aliuliza Simai. Mie nkikuuzia kikombe cha kahawa, wenda nacho nyumbani ukakinywa mara hamsini? Kitu kizuri hunywewa mara moja.

— Sinema hununui picha, alisema Intavali. Wanunua wenzio. Mtu kacheka, nawe ucheke. Hilo ndilo la kulipia.

— Basi na hii ina wenzio! Wakohoa, watafuna njugu, wacheka. Nimewauzia filamu pamoja na watu wake. Ningekuwa dhalimu ningetaka elfu tano.

Tulicheka sote, hata mimi. Darwesh akaitia sidii kwenye mashine kutuonyesha kuwa haina mkwaruzo. Palikuwa na watu wanakimbizana juu ya mapaa, na chini yake safu za vichwa vyeusi, kama nilivyosema. Mchekeshaji mmoja akaanguka ndani ya pipa na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kicheko kikaisha. Halafu, kimya kikiwa kimeshatanda, mtu mmoja akacheka peke yake, kwa kukatakata, kama mwenye kwikwi.

Simai alikuwa akimimina. Aliendelea kumimina mpaka kahawa ikafurika kikombe ikamuunguza vidole.

— Rudisha nyuma, alisema.

Darwesh akarudisha. Kicheko cha watu wote, kimya, kisha yule mmoja.

Lazima niseme hapa. Haitham, mume wa Mwanakhamis, alikuwa mwenzetu wa barazani, na kicheko chake kilichelewa kila siku. Ukimwambia neno la kuchekesha, hucheka mmeshaingia habari nyengine. Miaka mitano nyuma alitoka asubuhi baada ya chai, kwenda Bububu kwa fundi kuchukua jiko la mafuta ya taa. Kwa fundi hakufika, na nyumbani hakurudi. Hakuonekana hospitali wala polisi, wala maiti haikupatikana. Mwanakhamis alimngoja miaka minne, mpaka kadhi akahukumu kuwa mtu kafa, akakaa eda kama wajane wote. Mimi nilimpenda Mwanakhamis tangu Haitham yupo, na jambo hilo linanitia aibu mpaka leo.

— Safu ya tatu, alisema Intavali kwa sauti ndogo. Kiti cha pembeni. Tizameni kofia.

Tukatizama. Ilikuwa kofia ya mkono, nyeupe, ila mshono wa nyuma, kiasi cha vidole vitatu, ulishonwa kwa uzi wa hudhurungi. Mwanakhamis alipokuwa akiishona, uzi ulimwishia usiku wa kuamkia Idi, akamalizia na alioupata. Idi nzima tulimcheka Haitham kwa kofia ile, naye hakukubali kuibadilisha. Aliivaa asubuhi ile aliyokwenda Bububu.

— Kofia huibiwa, Simai alisema haraka. Ikauzwa. Mtu kainunua, kaivaa, kenda nayo sinema. Basi!

— Na cheko nalo kaliiba? alisema Darwesh. Mie nasema mtu yuko Dubai. Kakimbia. Ana duka la vipuri na mke wa Kihindi, anakula njugu zake.

— Miaka mitano hata barua?

— Aliyekimbia huandika barua, we Simai?

Intavali hakuwasikiliza. Alivuka njia, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha televisheni, akaweka kidole kwenye pembe ya picha, penye taa ndogo nyekundu.

— Hapa si Dubai. Taa hii ya mlango wa kushoto ilivunjika, nkaiziba mie kwa karatasi ya zawadi. Maua yake yale yanaonekana. Hili jumba letu.

— Jumba letu lina popo! Viti vyenyewe vimeshang'olewa.

— Nnajua. Ufunguo nnao mie.

— Na filamu ya mwaka huu.

— Nnajua, Darwesh.

Simai alianza kusoma dua chini kwa chini. Mimi nilisogea penye jua, lililokuwa bado linawaka ukutani.

— Ntakwambieni kitu sijapata kumwambia mtu, alisema Intavali. Mie nlikuwa nikihesabu. Wanaoingia nawahesabu kwa vipande vya tiketi, wanaotoka nawahesabu kwa macho. Kuna siku hesabu ilikataa. Walotoka wachache. Namulika tochi chini ya viti, hamna mtu. Nkanyamaza, kazi nlikuwa naitaka. Ndo mana nasema mia tatu ilikuwa haki. Mlikuwa mwalipa ya kuingia tu. Ya kutoka hakuna alomtoza mtu.

— Wacha hayo, Intavali!

— Sasa huyo kapigwa picha kutoka nyuma kabisa. Nyuma pale palikuwa na kiti kimoja tu, changu. Nani kakikalia?

Hapo kwenye televisheni filamu ikakatika kwa mapumziko, taa za ukumbi zikawaka. Vichwa vikaanza kuinuka na kujinyoosha. Yule mwenye kofia aliweka mkono juu ya kiti kilichokuwa kitupu ubavuni kwake, kama mtu aliyemwekea mwenziwe nafasi, akaanza kugeuka nyuma pole pole. Likatokea sikio. Likatokea shavu, na ndevu kidogo.

Niliruka njia, nikauchomoa waya wa televisheni.

— Ah! Tungemuona! alipiga kelele Darwesh.

— Ndicho nilichokataa.

— Bakar, alisema Simai kwa upole, lakini kama mtu yu hai, ndoa yako ya kesho haipo.

— Na kama kafa?

— Kama kafa... Simai alilikumbatia dele lake.

Sikuogopa jini. Niliogopa ule uso, usije ukawa wake kweli, na mimi nimeshashona kanzu ya harusi. Kisha nikakumbuka jambo jengine. Sidii hii Mwanakhamis aliiangalia jana, na nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kumchomolea waya. Kofia aliishona mwenyewe. Mimi nilikuja hapa kubishana juu ya visogo.

— Chukua pesa zako, alisema Darwesh. Zichukue mara mbili. Kitoe tu kitu hiki dukani kwangu.

Hakuna aliyetaka kukigusa. Tulikuwa tumesimama vivyo hivyo alipotokea uchochoroni mwanamke mmoja tusiyemjua, amevaa buibui, vidole vimemwiva weusi kwa rangi ya piko, na kibakuli kimefunikwa leso.

— Asalam alaykum, kaka zangu. Naitwa Faiza, mie mpakaji piko wa maharusi, nimetoka Jang'ombe. Niko nyumba ile pale kwa bibi harusi. Hapa nani Bakar?

— Naam, nilisema.

— Miguu nshamaliza, na mkono wa kushoto. Wa kulia bado kiganja. Hapo katikati mie huandika jina la mume, kisha nkalizungushia maua. Nimemuuliza bibi harusi mwenyewe. Katoa machozi kidogo, halafu kanambia, "Nenda barazani, kamuulize Bakar."

Alitutazama mmoja mmoja. Akafunua leso akachungulia kibakuli.

— Piko lenyewe laanza kukauka. Niambie basi, kaka yangu. Jina la mume, niandike nani?

Nilikuwa bado nimeushika waya wa televisheni mkononi, na wenzangu wote walikuwa wakinitazama mimi.