Kuku wa Nabalayo

Mwaka 1956, katika behewa la daraja la tatu kutoka Nakuru, nilikaa karibu na mzee Khisa, kibarua wa reli, aliyempakata kuku. Mama mmoja wa Mau Narok, aliyekalia gunia lake la viazi, alimuuliza kuku ni wa nini. Mzee akasema ni wa binti yake Nabalayo, ambaye amekuwa wa kwanza darasani.

"Nani amesema ni wa kwanza?"

"Yeye mwenyewe. Ndiye hunisomea ripoti." Akaitoa mfukoni, akaikunjua. "Lakini hapa imeandikwa arobaini na moja. Na wako arobaini na tatu."

"Kumbe unajua kusoma?"

"Kila muhula nilikuwa naweka kidole gumba kwenye ripoti yake, nikaona aibu. Nikamwomba anifundishe jioni. Anafikiri bado nimekwama kwenye ishirini. Hajui mchana najisomea nambari za mabehewa."

"Basi mchape huyo mwongo, na kuku nipe mimi."

"Nimchape mwalimu wangu? Na kugawanya hatujafika?"

Mimi kimoyomoyo nilikuwa upande wa mama, hasa kwa vile kuku alikuwa ameanza kunidonoa goti.

Tukaingia Gilgil, gari moshi likasimama. Mama hakumwachilia mzee. "Wa arobaini na moja ni mwalimu gani huyo?"

Mzee alikuwa ameshashuka, kuku kwapani. "Mimi nilikuwa sifuri, mama," alisema kupitia dirishani. "Huyo wa arobaini na moja ndiye aliyenitoa huko."