Daftari la Abiria la Tharsisi

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani mliotufuta machozi tangu juzi, familia imemtuma Bazilio, mdogo wa marehemu, awasomee haya, naye anaomba mumvumilie, maana mengine mlishayasikia vijiweni yakiwa yametiwa chumvi.

Tharsisi Ndihokubwayo alizaliwa Gwarama tarehe 3 Mei 1949, akamaliza darasa la nane hukohuko, mwaka 1969 akaajiriwa reli, akapanda hadi kuwa mkuu wa stesheni, mtu wa saa jamani, ukichelewa hata harusini alikusema mbele za watu, na tarehe 12 Januari 1974 akafunga ndoa na Immakulata, wakajaliwa watoto wanne, na alipostaafu mwaka 2004 wakahamia hapa Kitanga.

Tarehe 14 Agosti 2012 Immakulata alipanda gari la abiria kutoka Kibondo kuja Kasulu, likapinduka, wakafa watu kumi na mmoja, yeye akiwemo, na tangu siku hiyo marehemu hakukanyaga tena gari. Alifungua daftari, akazunguka kwa miguu Kasulu na Kibondo akikusanya saini za watu ambao wangeacha magari wakapanda treni, kama serikali ingeleta reli ya abiria huku kwetu, na kila siku saa nne asubuhi aligonga ile kengele yake, ringi ya gari iliyotundikwa pale uani, kwa treni isiyokuwepo, na Bazilio huyuhuyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumcheka, Mungu amsamehe.

Februari 2015 saini zilipofika elfu moja na mia mbili, mwalimu Herieth wa hapa kijijini alijitolea kuzihakiki kabla ya kuziambatanisha na barua ya maombi ya kwenda wilayani, akakuta jina la Immakulata, limesainiwa Machi 2013, kwa mwandiko wake mwenyewe, na chini yake wale kumi waliokufa naye. Marehemu hakushtuka, alisema walikuja asubuhi ya ukungu kengele ilipolia, miguu imelowa, na mkewe aliomba kiti cha dirishani. Mwalimu alimsihi ayafute, maana wilayani wakiona majina ya wafu wataitupa barua nzima, na walio hai wataendelea kuishia barabarani. Marehemu alikaa na daftari siku tatu bila kula, kisha akayakata kwa mstari wa rula, moja moja, la mkewe mwisho, akilia waziwazi, na barua ikapokelewa wilayani pamoja na daftari, ikagongwa muhuri.

Tarehe 9 Machi alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa, akalazwa, akafariki tarehe 2 Juni saa nne asubuhi, na saa hiyohiyo kengele ya hapa uani ililia, Bazilio akiwa ameketi hatua tatu tu kutoka hapo, hakuona mtu.

Jana wilayani, waliposikia msiba, walilirudisha daftari, lililofungiwa kabatini kwao tangu Februari, na ukurasa wa mwisho majina yale kumi na moja yameandikwa upya, la kumi na mbili ni Tharsisi Ndihokubwayo, 2 Juni, mwandiko umenyooka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchota maji, na wastaafu wa reli mliotoka mbali. Kesho Bazilio atalirudisha daftari wilayani kwa miguu, ili ombi la kaka yake lisife naye, anaogopa, na yeye mwenyewe hajasaini bado, lakini safari hii hafutwi mtu.

Pumzika kwa amani, kaka, na kile kiti cha dirishani mwachie shemeji.