Kitambaa cha Mwalimu Scovia

Benchi letu la mtaa wa Awindiri liko mbele ya jiko la makaa la Night Poni, mama wa Sudan Kusini anayeuza kahawa ya tangawizi. Jioni hiyo Mwalimu Acidri, tunayemwita Chaki, alifika amenuna. Miaka kumi na tisa alifundisha fizikia peke yake shuleni kwao. Muhula huu ameletwa mwalimu mpya kutoka Koboko, Scovia, akapewa darasa analosoma Ritah, binti wa Chaki mwenyewe. Asubuhi ile Scovia alitandika kitambaa mezani, akapanga sahani na vikombe juu yake, kisha akakinyakua kitambaa kwa mkupuo mmoja. Hakikuanguka hata kikombe. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani.

— Hiyo iko inesha tu! Chaki alifoka. Kitu yenye imetulia napenda kubaki imetulia. Mimi nafundisha hii toka zamani. Nani alinipigia kigelegele?

— Mwalimu, hapo iko ujanja, alisema Siraji, fundi wa pikipiki tunayemwita Spana. Sahani ilipakwa gundi.

— Gundi ingeshika kitambaa, sahani ikwende pamoja! alijibu Muzamili, mwanajeshi mstaafu. Kwetu ni Afande.

— Basi kitambaa ilipakwa grisi.

— Wapi! Wazee walisema, haraka haraka haina baraka. Huyu mama navuta haraka, halafu napata baraka. Hiyo iko dawa ya Kongo.

— Dawa ya Kongo navuta bwana ya mutu, Afande, hapana kitambaa.

— Wewe hapana jua. Jeshini niliona mutu navutwa kivuli, mwenyewe nabaki amesimama!

Tulicheka. Chaki hakucheka.

— Mchana Ritah alikuja nyumbani, alisema polepole. Aliweka kadi juu ya glasi, sarafu juu ya kadi. Alipiga kadi na kidole, kadi ikaruka, sarafu ikaingia ndani ya glasi. Mama yake alipiga makofi. Mwaka jana huyo mutoto alikuwa nalala ndani ya somo yangu.

Ghafla Chaki akainuka, akashika kitambaa cha meza ya Night, vikombe vinne vimejaa juu yake.

— Mwalimu, hapana! Night alipiga kelele.

Alivuta, lakini kwa woga, taratibu. Vikombe vyote vikamfuata. Kahawa ikamwagikia suruali ya Afande.

— Na hiyo ilikuwa kahawa ya mwisho! Night alisema, akaanza kuokota vigae.

Bado tunajipangusa, akatokea mwanamke kijana mwenye daftari kwapani. Chaki alipomwona, alikunja uso. Ni Scovia.

— Habari ya jioni, wazee wangu. Mwalimu Acidri, nilikutafuta mpaka kwako. Kesho iko somo ya msuguano, vile kitu nashika ingine, na hiyo inanishinda. Nikasema, niulize mukubwa wangu. Wewe, miaka yote hiyo, ulikuwa naonyesha watoto na nini?

Chaki alisimama na kitambaa mkononi, kikidondosha kahawa. Afande akainamia suruali yake.

Scovia alifungua daftari, akatoa kalamu, akasubiri.